Habari za Wladimir Köppen, Aliyeuliza Mimea Tabia ya Nchi

Kila mkulima ajua ya kuwa si kila mbegu hukubali kila nchi. Mgogo wa Dodoma hupanda uwele na mtama. Mhaya wa Bukoba hutunza migomba. Mtu wa Unguja na Pemba hupanda mikarafuu na minazi. Ukimwuliza kila mmoja wao kwa nini asipande kama wenziwe wapandavyo, atakujibu kwa maneno machache, "Nchi yetu ndivyo ilivyo." Jibu hilo ni la kweli, wala halikupatikana bure, maana wazee walilinunua kwa njaa nyingi. Lakini nyuma yake limebaki swali. Je, yaweza kupimwa hiyo tabia ya nchi, ikaandikwa kwa hesabu, hata mtu asiyepata kufika mahali ajue kitakachoota na kitakachokufa kabla hajapoteza mbegu yake?

Alikuwako mtu mmoja aliyelishika swali hilo tangu ujana wake, asiliache mpaka alipokufa ana miaka 93. Jina lake Wladimir Köppen. Alikuwa mwanajiografia, tena mchunguzi wa hewa na wa mimea. Ramani yake ya dunia yafundishwa hata leo katika shule za nchi nyingi, na wanafunzi huzikariri herufi zake pasipo kumjua mwenyewe. Kwa hiyo nimeona vema kuwaandikia habari zake, maana ndani yake mna jambo limhusulo kila mtu ashikaye jembe.

Kwanza na tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hewa ya leo ni jambo moja, na tabia ya nchi ni jambo jingine. Mtu mpole aweza kukasirika siku moja, na mtu mkali aweza kucheka. Humjui mtu kwa siku moja, bali wamjua kwa kukaa naye miaka. Vivyo hivyo na nchi. Mvua ya leo au jua la leo ni hewa ya siku. Lakini mwendo wa mvua na joto na baridi kwa miaka mingi, huo ndio tabia ya nchi. Köppen alitaka kuijua hiyo tabia.

UTOTO WAKE NA MASOMO YAKE

Alizaliwa mwaka 1846 katika mji wa St. Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi siku zile. Ukoo wake ulikuwa wa Kijerumani. Babu yake alikuwa daktari, mmoja wa wale walioitwa kwenda Urusi kufanya kazi. Baba yake, Peter Köppen, alikuwa mtaalamu mwenye sifa, aliyechunguza nchi ya Urusi na makabila yake na hesabu za watu wake. Basi mtoto alikulia katika nyumba ya vitabu na ramani.

Jamaa hii ilikuwa na shamba katika rasi ya Krimea, kando ya Bahari Nyeusi, na kijana Wladimir akasoma shule huko katika mji wa Simferopol. Hapo ndipo alipopata mwalimu wake mkuu, nayo ilikuwa ile nchi yenyewe. Kutoka St. Petersburg mpaka Krimea ni safari ya kuivuka Urusi yote kutoka kaskazini mpaka kusini. Msafiri huanza katika misitu ya nchi ya baridi, ambako theluji hulala juu ya ardhi miezi mingi. Kisha miti hupungua, akaingia katika nyika pana ya majani matupu, pasipo mti hata mmoja mpaka macho yachoke. Halafu katika Krimea hukuta milima. Na akiisha kuivuka, ghafula huona mizabibu na mizeituni na mitini, maana milima ile huizuia baridi ya kaskazini, na bahari huipasha pwani joto. Kutoka nyika ya Simferopol mpaka pwani si mwendo mrefu, lakini mimea ya huku si mimea ya kule.

Kijana aliyaona hayo kila alipokwenda na kurudi. Wengine pia waliyaona, wakapita. Yeye alijiuliza, "Ni nani aliyeweka mpaka huu?"

Mwaka 1864 aliingia katika chuo kikuu cha St. Petersburg kusoma habari za mimea. Baadaye akaenda Ujerumani, akasoma Heidelberg na Leipzig. Mwaka 1870 alipata shahada yake ya udaktari wa elimu huko Leipzig kwa maandiko juu ya jinsi joto linavyoongoza ukuaji wa mimea. Angalieni ya kuwa tangu mwanzo aliviweka pamoja vitu viwili ambavyo wengine waliviweka mbalimbali, yaani kipimo cha joto na mmea. Mwaka ule ule vita vikatokea kati ya Wajerumani na Wafaransa, naye akatumika katika kuwahudumia majeruhi. Vita vilipokwisha alifanya kazi kwa muda mfupi St. Petersburg, katika nyumba kuu ya kupimia hewa.

KAZI YAKE HAMBURG

Mwaka 1875 Wajerumani waliianzisha idara yao ya mambo ya bahari katika mji wa Hamburg, Köppen akaitwa kuitumikia. Alidumu katika kazi hiyo mpaka mwaka 1919, yaani miaka 44. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuangalia hewa ya kila siku na kuwaonya watu wa pwani dhoruba ikija, merikebu zisitoke bandarini kwenda kuangamia.

Tena habari zilikuja kutoka baharini. Manahodha waliandika kila siku katika vitabu vyao upepo ulikotoka, na joto la hewa, na mawingu, nao wakirudi nchi kavu vitabu hivyo vilisomwa na kuhesabiwa. Watu wa pwani yetu waweza kuifahamu kazi hii kwa upesi, maana manahodha wa majahazi nao tangu zamani waliijua kusi na kaskazi, na wakati wa kutweka, na wakati wa kukaa. Tofauti ni hii, ya kwamba nahodha wa kwetu aliyaweka hayo moyoni mwake na kumrithisha mwanawe. Huko Hamburg yaliwekwa katika karatasi, na maarifa ya manahodha wengi yakawa kitu kimoja.

Mwaka 1881 Köppen alizikusanya hesabu za joto za vituo vya nchi nyingi, apate kuona kama dunia nzima ilipata joto au baridi mwaka hata mwaka. Alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa waliojaribu kuipima dunia yote kama vile daktari ampimavyo mgonjwa homa. Mwaka 1890, pamoja na Hildebrandsson wa Uswidi na Neumayer, alitoa kitabu cha picha za mawingu, ili mtazamaji wa nchi moja na mtazamaji wa nchi nyingine waliite wingu moja kwa jina moja. Alipokuwa amekwisha kupita miaka 50 alirusha tiara zilizobeba vyombo vya kupimia, apate kujua hali ya hewa ya juu ambako mtu hafiki. Watoto hurusha tiara kwa mchezo. Mzee huyu alizirusha kwa elimu.

HERUFI TANO

Sasa twafika katika kazi iliyolikuza jina lake. Kabla yake Alexander von Humboldt alikuwa amechora, mwaka 1817, mistari katika ramani ikipita mahali penye joto moja. Kazi hiyo ilikuwa kubwa, lakini joto peke yake halitoshi. Mahali pawili paweza kuwa na joto moja, hapa pakawa msitu na pale pakawa jangwa.

Mwaka 1884 Köppen alitoa ramani ya dunia iliyogawanywa kwa muda wa miezi ya joto na miezi ya baridi. Kisha akaendelea kufikiri. Alikuwa amesoma maandiko ya Alphonse de Candolle, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, ambaye mwaka 1874 aliigawanya mimea ya dunia katika makundi kwa kadiri ya joto na maji iyapendayo. Ndipo Köppen alipotambua jambo lililokuwa wazi mbele ya macho ya wote. Mmea ni shahidi. Mtu mwenye chombo hupima mvua ya mahali pake kwa miaka aliyokaa hapo tu. Lakini mbuyu umesimama pale mamia ya miaka, umeyaona masika yote na kiangazi chote, na kuwa hai kwake ni ushuhuda. Mti hausemi uongo juu ya mvua iliyonyesha.

Kwa hiyo hakuanza kwa kuchagua hesabu zilizompendeza, kisha akailazimisha nchi izifuate. Alitazama kwanza mahali mimea inapobadilika, kisha akatafuta ni hesabu gani ya joto au mvua ipitayo hapo. Alitoa mgawanyo wa namna hii mara ya kwanza mwaka 1900, akautengeneza tena mwaka 1918, na mara ya mwisho mwaka 1936. Nchi zote za dunia alizitia katika herufi tano.

A ni nchi za joto zenye mvua ya kutosha. Humo hata mwezi wenye baridi kuliko yote haushuki chini ya digrii 18. Mipaka hiyo yapatana na mimea isiyovumilia baridi. Dar es Salaam, Unguja na Mombasa zimo humo, na Tabora pia, ijapokuwa kiangazi chake ni kirefu.

B ni nchi kavu, yaani nyika na jangwa. Habari zake tutazieleza mbele.

C ni nchi za wastani, ambazo mwezi wake wa baridi kuliko yote ni chini ya digrii 18, lakini haushuki zaidi ya digrii 3 chini ya kiwango cha kuganda. Nchi nyingi za Ulaya ya magharibi zimo humo. Tena nyanda zetu za juu zimo, kama vile Njombe na Nairobi, maana kupanda mlima ni kama kusafiri kwenda mbali na ikweta.

D ni nchi za baridi kali zenye misitu, kama sehemu kubwa ya Urusi na Kanada. Humo theluji hulala juu ya ardhi wakati wa baridi, lakini mwezi wa joto kuliko yote hupita digrii 10, basi miti yaweza kukua.

E ni nchi zisizofikia digrii 10 hata katika mwezi wa joto. Humo mti haumei. Mtu akitaka kuiona nchi ya E pasipo kutoka Afrika, na aukwee Kilimanjaro. Atapita mashamba, kisha msitu, kisha majani, na mwisho atafika mahali pa mawe na barafu.

Herufi A, C na D hufuatwa na herufi ndogo zinazoonyesha kama mvua hunyesha mwaka mzima, au kama upo wakati wa ukavu, na ni wakati gani. Hivyo kwa herufi mbili au tatu mtu aweza kuandika tabia ya nchi nzima.

DODOMA NA LONDON

Herufi B yataka maelezo zaidi, maana ndiyo iliyomsumbua Köppen kuliko zote, na ndiyo ituhusuyo sana katika nchi hizi.

Watu husema, "Nchi fulani ni kavu kwa sababu haipati mvua." Lakini tutazame. Dodoma hupata mvua ya karibu milimita 570 kwa mwaka. London, mji mkuu wa Uingereza, hupata karibu milimita 600. Tofauti yake ni ndogo mno. Lakini London ni nchi ya majani mabichi mwaka mzima, na Dodoma ni nchi ya miiba na mibuyu, ambayo katika Septemba huwa vumbi tupu. Mvua ni karibu moja. Mbona nchi si moja?

Köppen alijibu ya kuwa mvua haihesabiwi kwa ile inayoanguka tu, bali kwa ile inayobaki. Jua ni kama mdai. Mahali penye joto jingi jua hudai maji mengi, na mvua iangukayo hurudi hewani kabla mizizi haijashiba. Mahali penye baridi jua hudai kidogo, na maji hukaa udongoni.

Basi alitunga kanuni ambayo mtoto wa shule aweza kuifanya. Chukua joto la wastani la mwaka, ulizidishe kwa 2. Kama mvua nyingi hunyesha katika nusu ya mwaka iliyo ya joto, ongeza 28. Kama mvua hunyesha mwaka mzima, ongeza 14. Kama mvua nyingi hunyesha katika nusu ya baridi, usiongeze kitu. Hesabu utakayopata ndiyo sentimita za mvua ambazo nchi ile yazihitaji. Ikipungukiwa, ni nchi kavu. Na kama mvua haifiki hata nusu ya hesabu hiyo, ni jangwa.

Tujaribu. Joto la wastani la Dodoma ni karibu digrii 23. Mara 2 ni 46. Mvua yake hunyesha wakati wa joto, basi ongeza 28, ni 74. Dodoma yahitaji sentimita 74, nayo hupata 57. Kwa hiyo ni nchi kavu, ijapokuwa si jangwa, maana nusu ya 74 ni 37, nayo imeipita. London joto lake ni karibu digrii 11. Mara 2 ni 22, ongeza 14, ni 36. Yahitaji 36, nayo hupata 60. Imeshiba na kusaza.

Hayo ndiyo mambo ambayo mzee wa Kigogo ayajua kwa uzoefu, naye kwa sababu hiyo hupanda uwele. Köppen aliyaandika kwa namna ambayo mtu wa mbali pia aweza kuyajua. Tena mtu wa mbali asipoyajua hupata hasara. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Kongwa, katika nchi hiyo hiyo ya Ugogo, ikawa mahali pake pa kwanza. Ilikusudiwa kulima ekari zaidi ya milioni 3, ili kupata mafuta baada ya vita. Matrekta yaliletwa kwa wingi, miti ikang'olewa. Lakini udongo ulipokauka ukawa mgumu hata vyombo vikavunjika, na mvua haikuja kama walivyotumaini. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na fedha zilizopotea zilipita pauni milioni 30. Sababu zilikuwa nyingi, wala si ukavu peke yake. Haraka nayo ilikuwamo, na mitambo isiyofaa. Lakini kanuni ya Köppen ilikuwa imekwisha kuchapwa mwaka 1936, na mibuyu ilikuwa imesimama pale pale ikishuhudia. Mashahidi walikuwako; hawakuulizwa vya kutosha.

MKWEWE NA BARAFU YA ZAMANI

Köppen alikuwa na binti jina lake Else. Mwaka 1913 aliolewa na Alfred Wegener, kijana mwalimu wa mambo ya hewa. Huyu Wegener alikuwa na wazo la ajabu. Alisema ya kuwa mabara hayakukaa siku zote mahali yalipo. Afrika na Amerika ya Kusini zamani zilikuwa nchi moja, kisha zikaachana. Köppen alipolisikia wazo hilo mara ya kwanza hakulipenda, akamwonya mkwewe asiiache kazi yake ya hewa na kuingia katika mambo ya wengine. Lakini hakuwa mtu wa kushika neno kwa sababu tu amekwisha kulisema. Alizipima hoja za kijana, na mwisho akakubali, akawa msaidizi wake. Wataalamu wengi wa mawe walimcheka Wegener, na wazo lake halikukubaliwa na wengi mpaka miaka ya 1960.

Mwaka 1919 Köppen aliacha kazi, na Wegener akakishika cheo chake Hamburg. Mwaka 1924 Wegener aliitwa kufundisha katika chuo kikuu cha Graz, nchi ya Austria, na mzee akahama pamoja nao, hali ana miaka 78. Mwaka huo huo wawili hao walitoa kitabu kimoja juu ya tabia za nchi katika zamani za kale. Shahidi wao alikuwa yule yule, pamoja na wenziwe. Penye makaa ya mawe palikuwa na mimea mingi na maji. Penye chumvi nyingi chini ya ardhi palikuwa na ukavu. Penye mawe yaliyokwaruzwa palipita barafu. Alama za barafu hiyo ya kale zimeonekana hata katika Afrika ya Kusini.

Katika kazi hiyo walipata rafiki wa tatu, Milutin Milanković wa Serbia, mwana hesabu. Yeye alichunguza jinsi mwendo wa dunia kulizunguka jua unavyobadilika polepole kwa maelfu ya miaka, na hivyo joto la jua lifikalo kila mahali hubadilika. Swali lilikuwa hili: barafu kubwa zilizofunika Ulaya zamani zililetwa na nini? Wengi walidhani ni baridi kali ya majira ya baridi. Köppen alimwambia sivyo. Jambo kubwa ni majira ya joto. Theluji huanguka kila mwaka huko kaskazini, baridi ikizidi au isizidi. Kama majira ya joto yana nguvu, huyeyuka yote. Lakini kama majira ya joto ni hafifu, husalia kidogo. Mwaka wa pili huongezwa juu yake. Nayo hukua kama deni lisilolipwa, mpaka limefunika nchi. Milanković aliifuata shauri hiyo, akapiga hesabu ya yapata miaka 600,000, na mchoro wake ukatiwa katika kitabu cha mwaka 1924. Mwaka 1976 wataalamu walichunguza matope ya chini ya Bahari ya Hindi, upande wa kusini, wakaona humo alama za nyakati zile zile za mwendo wa dunia. Mzee alikuwa amekufa zamani, lakini neno lake likasimama.

HUZUNI NA UZEE WAKE

Mwaka 1930 Wegener aliongoza safari ya uchunguzi katika Greenland, nchi iliyofunikwa na barafu. Wenziwe wachache walikuwa katika kituo cha ndani, katikati ya barafu, nao walihitaji vyakula na mafuta kwa majira ya baridi. Alikwenda kuwapelekea, akafika. Lakini katika kurudi, mwezi wa Novemba, alikufa njiani, naye ametimiza miaka 50 tu. Alikuwa pamoja na Rasmus Villumsen, kijana mwenyeji wa Greenland. Huyu alimzika bwana wake kwa heshima katika theluji, akaweka alama juu ya kaburi, kisha akaendelea peke yake, wala hakuonekana tena mpaka leo. Maiti ya Wegener ilionekana mwezi wa Mei mwaka 1931.

Köppen alikuwa na miaka 84. Alimpoteza mkwe aliyekuwa kwake kama mwana, na mwenzi wa kazi, na yule aliyetumaini ya kuwa atayaendeleza mambo yake. Watu wengi wa umri huo wangeketi wakalia, wala hapana ambaye angewalaumu. Yeye alirudi mezani pake. Pamoja na Rudolf Geiger alikuwa ameanza kutoa kitabu kikubwa cha tabia za nchi za dunia yote, na sehemu aliyoiandika mwenyewe, yenye mgawanyo wake uliokamilika, ilitoka mwaka 1936, alipokuwa na miaka 90. Alikufa Graz tarehe 22 Juni, mwaka 1940. Geiger aliitengeneza tena ramani yake, na ile ya mwaka 1961 ndiyo iliyoenea sana.

Yafaa kuongeza ya kuwa mtu huyu hakujifungia katika hesabu tu. Alijishughulisha na mambo ya ugawaji wa ardhi, na chakula cha maskini, na shule, na madhara ya ulevi. Alitamani amani kati ya mataifa, na kwa ajili hiyo alijifunza Kiesperanto, lugha iliyotungwa ili watu wa mataifa yote waelewane, akatafsiri baadhi ya maandiko yake katika lugha hiyo.

TUJIFUNZE NINI?

Kazi ya Köppen haikosi upungufu. Mwaka 1948 Thornthwaite wa Marekani alionyesha njia nyingine ya kuhesabu maji ambayo jua na mimea huyachukua, nayo ni kamili kuliko ile kanuni fupi. Tena wastani una hila yake. Mtu akila mara nne leo, na kesho asile kabisa, wastani wake ni mara mbili kwa siku, lakini kesho tumbo halitajazwa na wastani. Nchi yaweza kuwa na mvua ya kutosha kwa hesabu ya miaka mingi, na katikati yake ukatokea mwaka wa njaa. Ndiyo maana Yusufu huko Misri hakutosheka kujua wastani wa mavuno, bali alijenga ghala.

Na jambo jingine ni zito zaidi. Köppen alichora mipaka akidhani ya kuwa kwa maisha ya wanadamu itakaa pale pale, ijapokuwa katika zamani za kale ilihama. Lakini joto la dunia limepanda kwa zaidi ya digrii 1 tangu nusu ya pili ya karne ya 19, na sababu yake kubwa ni moshi wa makaa ya mawe na mafuta ambayo wanadamu wanayachoma. Wataalamu walioichora upya ramani yake mwaka 2006, mwaka 2007 na mwaka 2018 wametumia herufi zake zile zile, na ile ya mwaka 2018 yaonyesha pia jinsi mipaka itakavyohama kabla ya mwisho wa karne hii. Barafu ya Kilimanjaro mwaka 1912 ilifunika kilomita za mraba karibu 12. Mwaka 2011 ilibaki chini ya 2. Basi yale ambayo wazee waliyanunua kwa njaa, yaani kujua mbegu ya nchi yao na wakati wake, twaweza kulazimika kuyanunua tena.

Kwa hiyo na tuishike njia ya mtu huyu, nayo si ngumu. Hesabu zake hazikutoka katika kichwa chake. Zilitoka kwa manahodha, na waangalizi wa vituo, na katika nchi nyingi kwa wamisionari na walimu waliotoka kila asubuhi kukitazama kipimo cha mvua, wakaandika, na siku isiyo na mvua wakaandika kwamba haikunyesha. Majina ya wengi wao hayajulikani, lakini mistari ya ramani ile imesimama juu ya uaminifu wao. Kijiji chaweza kufanya vivyo hivyo. Chombo cha kupimia mvua si ghali, na daftari si ghali, na shule ina watoto wa kutosha kupokezana zamu. Andikeni mvua. Andikeni pia siku mbuyu unapochipua, na siku mchwa wanaporuka, na siku mtama ulipopandwa na ulipovunwa. Waulizeni wazee miti gani ilikuwako ambayo sasa haipo. Baada ya miaka kumi daftari hilo litakuwa mali ya kijiji, na atakayekuja na mpango mpya wa kilimo atawekewa mbele yake kabla hajang'oa mti hata mmoja.